Siku mbili za macho ya mjukuu wangu

Sifa ni kwako, Mungu, uliyetupa macho kabla hatujajua kuyaomba.

Binti yangu alijifungulia nyumbani, hapa Kalemie, uchungu ulipomshika ghafla. Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje mpaka kitovu kianguke, na mimi, baba wa nyumba, ndiye mlinzi wa desturi hiyo. Siku ya tatu kope za mtoto zilivimba na usaha ukaanza kumtoka machoni. Mke wangu alimkamulia maziwa ya mama yake ndani ya macho, kama alivyowafanyia watoto wetu wote.

"Ni moshi wa jikoni tu," nikasema. Nikaomba, nikangoja kitovu.

Siku ya tano macho hayakufunguka kabisa. Jirani yetu, mama mmoja anayeanika samaki wadogo wa ndagala karibu na ukuta wetu, alichungulia.

"Papa, unalinda mulango ao unalinda mutoto? Kitovu kinaweza kuanguka hata juu ya pikipiki!"

Niliona haya. Nikaita pikipiki.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliyaosha macho ya mtoto, akamchoma sindano. Kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba ni ugonjwa wa zinaa, na mtoto aliupata akizaliwa. "Mungezidi kungoja, angekuwa kipofu. Sasa mama na baba watibiwe wote wawili, hata kama hawasikii maumivu."

Binti yangu alijifunika uso kwa kitenge. "Papa, mimi simujui mwanaume mwingine."

"Najua, mama," nikamjibu.

Mume wake, mvuvi, alitukuta nyumbani alasiri akitoka ziwani. Alisimama mlangoni, nguo zikinuka samaki, akasikiliza habari yote.

"Na bibi yangu alitoa wapi huo ugonjwa?" akauliza, akimtazama mke wake.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Maneno ya kuhukumu yalikuwa tayari mdomoni. Lakini muuguzi alikuwa amenieleza kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini kimya, na hakuna awezaye kusoma humo nani aliuleta. Tena niliwaza siku zangu mbili za kungoja.

"Mwanangu," nikasema, "mimi nilimfungia mtoto huyu ndani, na usaha machoni. Kama tunatafuta mwenye kosa, anza na mimi. Ila kesho utaenda kituoni."

Aliinama, akamtazama mtoto machoni. "Ile sindano, Papa, ni kubwa?"

Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu azae. Kesho yake walienda pamoja.

Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto limebaki na kovu dogo jeupe, na kila nikiliona namwomba Mungu msamaha, kisha namshukuru. Nikifanya ishara ya msalaba, mtoto anaufuata mkono wangu kwa macho yote mawili.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie mlango mwepesi kufunguka mgonjwa anapokuwa ndani, na watoto wa nyumba yako wauone uso wako.