Yasuji, Mzoesha Mota wa Shizuoka

Pale mjini Shizuoka, wapenzi wa magari ya rimoti walijua kwamba mota mpya ni kama kiatu kipya: ukikimbia nacho siku ya kwanza, utachechemea. Ndiyo maana kabla ya mashindano walimpelekea mota zao Oishi Yasuji, fundi mstaafu wa mashine za kukaushia chai, awazoeshee.

Kazi hiyo ilitaka subira. Ndani ya mota mna brashi mbili, vijipande vya kaboni vinavyogusa shaba inayozunguka. Zikiwa mpya, ncha zake ni bapa na shaba ni mviringo, hazigusani vizuri. Yasuji alitumbukiza mota katika bilauri ya maji, akaiunganisha na betri mbili ndogo, akaiacha izunguke polepole. Maji yaliingia weusi taratibu, mithili ya wino unaoota ndoto, kaboni ikisagika mpaka ncha zikaikumbatia shaba. Yeye alikaa kwenye baraza ya mbao, macho nusu yamefumba, harufu ya chai ikishuka kutoka vilimani, akisikiliza. Mwanzo mota hukwaruza, kisha huguna, mwishowe huimba sauti moja nyembamba kama uzi wa hariri. Akiisikia sauti hiyo, huitoa mota majini, akaikausha na kuitia tone la mafuta.

Mwaka aliotimiza sabini na mmoja, wimbo ule ulianza kumfikia kana kwamba unatoka mtaa wa pili.

"Nyenze wamechelewa mwaka huu," alimwambia mkewe, Hisae, katikati ya kiangazi.

Hisae alimtazama. Nje nyenze walikuwa wakipiga kelele za kupasua kichwa.

Siku chache baadaye alizoesha mota ya Sugiyama Kanjiro, muuza jibini ya soya iitwayo tofu, rafiki yake tangu shule. Alingoja wimbo, haukuja. Akangoja tena, huku mawazo yakielea, na brashi zikasagika hadi zikabaki vibutu. Kwenye mashindano gari la Kanjiro lilizimika mzunguko wa pili.

"Yasu! Umenipa mota au umenipa kokoto?" Kanjiro alifoka, watu wakaangua kicheko.

Yasuji aliona midomo ikicheka. Akarudi nyumbani, akaosha bilauri, akaifungia kabatini.

Wiki tatu hakugusa kitu. Ndipo Kanjiro akaja na tofu mkononi na mota mpya mfukoni.

"Haya, fundi kokoto, nifanyie nyingine."

"Mpelekee mwingine, Kanji." Yasuji aliinamisha kichwa. "Mimi sisikii tena."

Kanjiro akamsogelea sikioni na kupaza sauti: "Kumbe! Miezi yote hii nakutukana hunijibu, nikadhani umekuwa mtu mwema!"

Yasuji alicheka mpaka machozi yakamtoka, na haikujulikana yalikuwa ya kicheko tu au la.

Hisae hakucheka. Alileta bilauri, akaijaza maji, akatumbukiza mota na kuiwasha. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akauzamisha mle.

"Baba Chihiro, acha masikio yapumzike. Weka kidole."

Yasuji akakiweka juu ya mota. Mwanzo alihisi mchanga ukichekechwa. Baadaye mchanga ukawa unga, na unga ukawa mvua ya mbali juu ya paa. Hakujua amekaa muda gani; jua lilihama kutoka magotini hadi miguuni. Mara mtetemo ukatulia, ukawa mmoja, laini, ukampanda mkononi hadi begani. Akafumbua macho.

"Imekuwa," alisema.

Jumapili iliyofuata, siku ya mashindano, alisimama kando ya uwanja. Magari yalipita kimya mbele yake kama samaki katika maji maangavu. La Kanjiro, jekundu, lilimaliza la nne kati ya ishirini na mawili.

"Mota yako ilikuwa ya kwanza," Kanjiro alimpigia kelele sikioni. "Hivi vidole gumba vyangu ndivyo vya nne!"

Majira ya majani kudondoka, Hisae alimshawishi akapimwe, akapewa vifaa vya kusikilizia. Huvivaa akizungumza na mkewe, na Kanjiro akija kumtania. Lakini akiletewa mota huvivua, akaviweka kwenye kisahani, na kuzamisha mkono majini.