Siku Mama Mikono Alipofunga Mikono

Kuna watu wakinyamaza unashukuru Mungu, na kuna watu wakinyamaza unauliza nani kafa. Mama Mikono ni wa kundi la pili, ila kunyamaza kwake si kwa mdomo. Ni mwalimu wa watoto viziwi katika shule ya kawaida, kwenye chumba cha mwisho wa korido, kando ya stoo ya mafagio. Mikono yake haijui kutulia. Hata sokoni hubishana na muuza nyanya kwa vidole, na wanaomjua humpisha wasije wakala kibao cha bahati mbaya.

Kazi hii aliipenda kwa uchungu wa mdogo wake. Mdogo wake ni kiziwi, na hakuwahi kupata mwalimu wa lugha ya alama. Miaka yote alikaa dawati la nyuma, walimu wakisema, yeye anaitikia kwa kichwa, wakamsifu kuwa mtoto mtiifu. Mtiifu wapi! Haelewi kitu, maskini. Leo ni fundi cherehani, tena hodari, lakini ugonjwa wa kuitikia haujamtoka. Mteja anaagiza shati, fundi anatikisa kichwa, na siku ya kuchukua mzigo mteja anakabidhiwa suruali. Nyumbani wote hucheka, na dada mtu hucheka nao, kisha huingia jikoni kufuta machozi ambayo si ya kicheko.

Ndiyo maana chumbani mwake alama ya kwanza anayofundisha si ya salamu. Ni ya "sijaelewa". Anayeitikia bila kuelewa, wenzake humwigizia mjusi wa ukutani anayetikisa kichwa juani. Bingwa wa kuwaumbua wenzake ni msichana mmoja wanayemwita Pilipili, mdogo wa umbo, mkali wa macho, asiyepitwa na kitu.

Sasa, mwaka huo ofisi ya elimu ikasema fungu limepungua. Mwalimu maalumu wa viziwi ni gharama, wakasema, watoto wachanganywe na wenzao, watazoea. Watazoea! Kwani elimu ni kiatu kinachobana? Mkaguzi angekuja kutazama kipindi kwenye darasa la kawaida. Akiona watoto wanafuata, chumba kinafungwa, na Mama Mikono anahamishwa kwenda kufundisha jiografia kwingine.

Mkaguzi akaja, mzee mpole, tumbo limetangulia na tabasamu linafuata.

"Mwalimu," akamwambia, "leo naomba ukae nyuma, mikono uifunge kabisa. Nataka niwaone wenyewe."

"Mzee wangu, hiyo si sawa na kunizimia taa halafu uniulize mbona sisomi?"

"Kipindi kimoja tu, mama."

Angefanyaje? Mwenye nguvu mpishe. Akakaa nyuma, akafunga mikono kifuani.

Mwalimu wa sayansi, kijana mwenye roho safi ila ana mazoea ya kuongea na ubao, akaanza kueleza jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Nusu ya maneno aliyapa ubao, nusu nyingine aliyasema akitembea. Kila akigeuka kuuliza, "Tuko pamoja?" Pilipili alitikisa kichwa, na viziwi wenzake wakatikisa. Mkaguzi naye alitikisa chake, kwa furaha.

Kule nyuma Mama Mikono alikuwa akisema nao moyoni. Jamani wanangu, mjusi leo? Siku zote hizo, leo ndiyo mnafanya mjusi? Vidole vilimuwasha, akavibana makwapani. Pilipili aligeuka kumtazama mara kwa mara, na kila alipogeuka alizidi kuitikia. Mwalimu wa sayansi akatoa utani, darasa likacheka. Pilipili naye akacheka, peke yake, wenzake wakiwa wameshanyamaza. Hapo Mama Mikono alimwona mdogo wake kabisa, yuleyule, dawati lilelile.

Mkaguzi akasimama. "Mnaona? Hakuna tatizo hapa!" Kisha, kwa kuwa ni muungwana na alikumbuka kwamba wengine hawamsikii, akachukua chaki akaandika kwa herufi kubwa: MMEELEWA?

"Ndiyooo!" darasa likaitikia.

Pilipili akayasoma maandishi yale. Asubuhi yote hilo ndilo swali la kwanza lililomfikia likiwa zima. Akalitazama, akageuka kumtazama mwalimu wake, akasimama. Akagusa paji la uso kwa vidole, kisha akavitupa mbali, kama mtu anayefukuza inzi. Kiziwi mwenzake akasimama, akafanya vilevile. Halafu mwingine, mpaka wakawa wamesimama wote.

"Wanasema nini?" mkaguzi akauliza.

"Naruhusiwa kufungua mikono, mzee?"

"Fungua, fungua!"

"Wanasema hawajaelewa."

"Wapi hawajaelewa?"

Mama Mikono akamuuliza Pilipili kwa alama, akajibiwa. "Tangu kipindi kilipoanza."

Mkaguzi akakaa kwenye kiti cha mtoto, kikalia. "Lakini waliitikia!"

"Nina mdogo wangu fundi, naye aliitikia miaka yote ya shule. Nenda kamwagize shati, uone utakachorudi nacho."

Mzee akajikuna kichwa, kisha akasema, "Haya, somo lirudiwe, kwa mikono." Likarudiwa. Safari hii Pilipili aliuliza kama mvuke wa chai ya bibi yake unaweza kurudi kuwa mvua, na mwalimu wa sayansi ilibidi afikiri kwanza.

Chumba hakikufungwa. Shule iliomba na mwalimu wa pili wa alama, huyo bado ni ahadi, lakini fungu lilibaki, na mkaguzi mwenyewe ndiye aliyelitetea. Mwalimu wa sayansi naye sasa huja baada ya masomo kujifunza alama, vidole vigumu kama vijiti vya kuni, watoto wakimcheka hadi basi.

Ila siku ileile ya ukaguzi, wakati wa mapumziko, Mama Mikono alimvuta Pilipili kando. "We mjusi mkubwa," akamwambia kwa alama, "kwa nini uliitikia muda wote ule?"

Mtoto akatazama chini kwanza. "Ulifunga mikono," akajibu. "Nikajua umetukasirikia, hutaki tena kuongea na sisi. Nikaitikia ili ufurahi."

Mama Mikono akainua mikono amjibu, ikamgomea. Akamkumbatia kwanza, jibu akampa baadaye.