Pindo la Ndege ya Pemba

Fundi wa kanzu wa pale mtaa wa Mayfair, ughaibuni, ana sindano yenye mbio, hata nzi akitua kitambaani huondoka na kifungo mgongoni. Asiyeamini amuulize nzi. Lakini leo anajichoma, ananyonya kidole, anaitupia simu jicho. Mama yake, ambaye hajapanda hata ghorofa, kapakiwa ndege Pemba apelekwe Unguja akatibiwe moyo. Kwenye ramani visiwa hivyo vimeachana upana wa ukucha. Angani ni nusu saa, na nusu saa kwa fundi ni pindo moja la kanzu. Basi ndege iliporuka, naye akaanza kushona, akishusha pumzi kila mshono.

Pindo likaisha, simu kimya. “Fundi,” akamchokoza Murielle, msusi Mkongo wa mlango wa pili, “ndege haiendeshwi na sindano yako!” Fundi hakucheka. Alichukua wembe, akaanza kulifumua pindo uzi kwa uzi. “Eish, papa! Unaharibu kazi muzuri hivi juu ya nini?”

“Siharibu, dada,” akasema bila kuinua uso. “Nisipofumua, ndege itakuwa imechelewa.”