Nyonga ya Angetile

Angetile wa Ipyana, Kyela, hakuvumilia kitu kisichong'aa. Sufuria zake alizisugua kwa mchanga na majivu mpaka majirani wakawa wanajitazama humo wakifunga vilemba. Sakafu ya sebuleni aliipaka nta nyekundu kila Jumamosi, na mumewe Ambrose alijifunza kuivuka kwa kunyata, mkono ukutani. Siku sakafu ile ilipoangusha mtu, haikumwangusha Ambrose. Ilimwangusha Angetile mwenyewe, na beseni la mchele mikononi.

Mfupa wa paja ulivunjika karibu na nyonga. Wakampeleka hospitali moja Mbeya, ambako daktari kijana, Kenani, alisema atamwekea nyonga bandia, akamletea ya mfano aione. Juu kulikuwa na kichwa cha mviringo kinachong'aa kama kijiko kipya. Angetile akaridhika. Lakini lile shina la kuingia ndani ya paja lilikuwa la kijivu, linakwaruza kama msasa. Akalipitishia kidole, uso ukamkunjamana.

Daktari alipotoka, Angetile alimnong'oneza mumewe kwamba wameonewa kwa kuwa wametoka Kyela. Wameletewa kitu ambacho fundi hajakimaliza. Akamtuma akamwombe nesi, kwa adabu, chake kisuguliwe kidogo kabla ya kuwekwa.

Ambrose alikwenda kwa aibu. Nesi alicheka mpaka akaketi, kisha akamwita daktari.

Kenani alivuta kiti. Akaeleza kwamba kichwa kinang'aa kwa sababu kazi yake ni kuzunguka bila kukwaruza. Shina halipakwi gundi; linasubiri mfupa wenyewe ulishike. Damu ikiligusa, protini hutanda juu ya chuma, na seli za mfupa huja kujishikiza hapo. Penye vishimo na vinundu vidogo hupata pa kushika, zikajitandaza na kuanza kujenga mfupa. Pakiwa laini mno hazishiki vizuri, na shina linaweza kulegea. Hata mafuta ya vidole huharibu, ndiyo maana kitakachowekwa hakiguswi kwa mkono mtupu.

Angetile alikitazama kidole chake.

"Kwa hiyo, daktari, hata seli zangu zinateleza?"

"Zinateleza, mama. Kama wewe."

Ambrose akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Angetile alimtupia jicho la kumvunja nyonga na yeye, kisha akasema basi, wamwekee ya kukwaruza, na ikwaruze kwelikweli.

Miezi ikapita. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umelikumbatia shina, na Kenani akamruhusu kuacha gongo la kutembelea. "Ndaga fijo," Angetile alimshukuru kwa Kinyakyusa, akamwachia mkungu wa ndizi uliosafiri naye kwenye basi.

Nyumbani, wanakwaya wenzake walipouliza kuna nini ndani ya paja lile, majibu yake yalikuwa marefu kuliko mahubiri. Hellen, mwimbishaji wao, akaomba aguse. Angetile akamwambia atagusa ngozi tu, mambo yenyewe yako ndani. Kisha akaanzisha pambio bila kungoja Hellen ampe sauti, akacheza akielekea mlangoni, na kwaya nzima ikabidi imfuate.