Kibao cha Stesheni Yetu

Juzi huko Dandora nilikuta kile kibao cha jina la stesheni yetu ndogo ya treni kimefanywa meza ya kukatia sukumawiki. Nilicheka peke yangu.

Nilikuwa darasa la kwanza, na mama alikuwa amekwenda Murang'a kumwona shosho, nyanya yangu. Siku ya kurudi kwake nilikuta dirisha la tikiti limepigiliwa mbao na kibao kimeng'olewa. Nilishikwa na hofu. Bila jina, treni ingejuaje mahali pa kumshusha mama yangu? Nikaokota kipande cha makaa, nikaandika DANDORA ukutani, nikakaa kungoja. Reli ilinuka grisi na moshi wa jaa la taka.

Jioni nikasikia malapa yakikwaruza kokoto nyuma yangu.

"We Wambui! Nimekutafuta ploti nzima!"

Alikuwa mama, akinuka vumbi na ndizi mbivu. Nikamkumbatia miguu, nikamwonyesha ukuta.

"Mimi ndiye nimeandika, ndiyo ukajua pa kushuka."

Mama alikuwa amekuja kwa basi. Hilo nililijua baadaye sana. Siku hiyo alichukua yale makaa, akaliandika jina tena juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zangu.

"Haya," akasema. "Sasa hata mama za wengine watafika."