Nilivyowinga Ndege na Baba Yangu

Jamani, nisikilizeni, maana nina furaha mpaka maneno yananikwama! Naitwa Mwajuma, fundi wa pikipiki hapa Mikumi. Kazi hii ndiyo iliyonigombanisha na baba. Kwake kijijini Kisanga, mtoto wa kike kushika spana ni aibu ya ukoo mzima. Alinifukuza mbele ya majirani. Nikienda kumsalimia, nampa shikamoo, anageuzia uso ukutani. Miaka tisa!

Kisha kaka yangu akapiga simu. "Baba anapotea. Anaingiza miguu kwenye mikono ya shati. Jana kajisaidia kitandani, kanisingizia mimi." Nikaenda kumchukua, nikaja naye kwangu Mikumi. Daktari akaniambia, "Si uchawi, mama. Ni ubongo unaochoka, na dawa ya kuuponya hatuna. Usibishane naye."

Mimi nisibishane? Mdomo nimeurithi kwake! Alinidhania kibarua wake wa shambani, ananiita "dada". Nami namfokea, "Mimi Mwajuma, binti yako!" huku namfuta kinyesi mapajani. Ananitemea mate. Na kila alfajiri anataka kutoka akawinge ndege, eti wanamaliza mpunga wake. Mpunga gani, na tuko nyuma ya gereji! Nikawa nafunga mlango kwa kufuli. Siku moja aligonga mpaka ngumi zikachubuka, akajikojolea pale pale, akalia. Baba yangu, analia! Nikajiona mtu mbaya kabisa.

Nikafungua. Nikampa debe tupu na kijiti, mimi nikabeba sufuria.

"Haya, piga kelele!" akaniamuru. "Wanatua kule!"

Wallahi tulipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Uwanjani kuna matairi mabovu tu, lakini baba anarusha madongo, anaruka, anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile! Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Tukaketi kupumzika, jasho linatutoka. Akanitazama.

"Una sauti kali, dada. Kama Mwajuma wangu. Yule ana mikono! Anafungua injini yote na kuirudisha. Nilimfukuza. Nilikosea sana."

Nikaweka sufuria chini, nikamsogelea.

"Ukimwona," akasema, "mwambie arudi nyumbani."

"Amesharudi, baba. Yuko ndani."

Akasimama kwa hasira. "Na wewe umekaa tu? Kampakulie! Ametoka mbali yule, atakuwa na njaa."

Nikaingia, nikapakua wali, nikaula wote huku nalia kama mtoto.

Alhamdulillahi! Baba hajapona. Bado namfulia, bado namlisha, na usoni hanijui. Lakini lile donge la miaka tisa limenitoka, nalala usingizi. Ninyi mnaouguza wazee wa namna hii, msiwafungie ndani kama nilivyofanya mimi. Tokeni nao. Majirani wakicheka, waacheni wacheke.

Siku hizi, kila mchana, baba ananiita pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama Mwajuma ameshakula.

"Ameshakula, baba," namjibu. "Ameshiba."