Mguu wa Nne Umetoka Kidogo

Watu wanaomkumbuka Sanamu humkumbuka kwa jambo ambalo hakulifanya: hakucheka. Kwa zaidi ya miaka thelathini alisimama jukwaani kando ya Kiroboto, koti jeusi, tai imembana shingo, uso mkavu kama ubao wa kukatia nyama, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuuliza. Yeye anauliza, Kiroboto anajibu, ukumbi unavunjika mbavu. Watoto walirudi nyumbani wakimwiga Kiroboto anavyorukaruka na suruali yake iliyofungwa kwa kamba. Hakuna mtoto aliyewahi kumwiga Sanamu. Utamwigaje mtu aliyesimama?

Ila kazi ya kusimama si mchezo, asikudanganye mtu. Anayeuliza akiwahi kidogo, kichekesho kinakufa; akichelewa, kinaoza. Tena akitabasamu yeye, watazamaji wanaona hakuna haja ya kucheka, maana wamekwisha chekewa. Kwa hiyo wawili hao walipokuwa vijana waliwekeana kanuni: kicheko chote ni cha Kiroboto. Si jukwaani tu, hata mtaani, hata kwenye chai baada ya onyesho. Mtu akiuliza, "Haya mambo mnayatoa wapi nyinyi?" Sanamu amnyooshee mwenzake kidole na kusema, "Muulize huyu." Watu hupenda kuamini kwamba mchekeshaji alitoka tumboni mwa mama yake anaruka. Ukiwaambia kuna mtu nyuma anayefikiri, umewaharibia. Sanamu aliishika kanuni hiyo kama dini, na hakuteleza hata siku moja.

Na huyo mtu wa nyuma alikuwepo. Alikuwa jikoni anamenya viazi.

Mkewe Sanamu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na ulimi wa wembe. Hakuwahi kupanda jukwaani, wala hakutaka. Lakini jioni, mume akirudi mazoezini amekunja uso kwa sababu hawana jipya, alimweka kwenye kigoda mbele ya jiko na kumwambia, "Haya, vaa uso wako wa kazini." Kisha huku anakatakata vitunguu alitupa maneno, moja baada ya jingine, kwa upole, kama anayeongea na sufuria. Sanamu alikaa kimya, macho mbele. Neno lililopita bila kumgusa lilitupwa pamoja na maganda. Neno lililomtikisa ukope, hilo ndilo lililokwenda kwa Kiroboto kesho yake. Ukope wa mume ndio uliokuwa mzani wao.

Kile kichekesho cha kiti, kilichowapa jina na kuwajengea paa, kilitoka hapo hapo. Walikuwa na kiti cha miguu mitatu, kimeegemezwa ukutani ili kisianguke. Siku moja wifi mtu, mwanamke wa kukagua vyombo vya wenzake, akakiangalia na kuuliza, "Wifi, na mguu wa nne uko wapi?"

Mke hakuinua hata macho. "Umetoka kidogo, wifi. Acha ujumbe, ukirudi nitauambia."

Sanamu alikuwa mlangoni, na ukope wake ulitikisika mara mbili. Haukupita muda Kiroboto akapanda na kiti jukwaani, Sanamu akauliza swali la dada yake, na mji mzima ukapata msemo. Mshahara umekwenda wapi? Umetoka kidogo. Umeme je? Acha ujumbe. Hata waliokuwa hawajazaliwa siku ile wanausema mpaka leo.

Sasa huyu mama alikuwa na ugonjwa mmoja kabla ya ugonjwa wake wa kweli, nao ni kupenda vitabu vya maisha ya wasanii. Waimbaji, wapiga ngoma, wanasarakasi, waigizaji wa redio, wote aliwanunua kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai karibu na kituo cha posta. Rafu ilikuwa juu ya kitanda, imepinda katikati. Alivisoma kwa mapenzi na kwa hasira. "Angalia huyu," alikuwa akimwambia binti yao. "Kurasa mia tatu, mke katajwa mara mbili. Mara ya kwanza anapika, mara ya pili analia mazishini. Wake za wasanii wote wana kazi hizo mbili tu?" Halafu anacheka. "Mimi nikitiwa kitabuni, nisitiwe na sufuria."

Alilisema kama utani. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Kiroboto alikufa, moyo ulimsimama ghafla, na mji ukamlilia. Haukupita mwaka akaja kijana mmoja, mwandishi, shati safi na kinasa sauti mfukoni, anaandika kitabu cha maisha ya marehemu. Siku alizokuja ndizo siku mama alikuwa amelazwa hospitali, figo zimeanza kugoma. Sanamu alimpokea peke yake sebuleni. Alivaa koti jeusi, na hapo ndipo palipoharibika mambo, maana alipovaa koti akavaa na uso.

"Mzee, kile cha kiti," mwandishi akauliza, "kilitoka wapi?"

Mdomo wa Sanamu ukajibu wenyewe, kama mlango uliozoea upepo. "Ni Kiroboto yule. Alikipata bafuni, anajipaka sabuni."

"Na kile cha daktari wa meno?"

"Kiroboto."

"Na cha mwizi aliyesahau nyumba?"

"Huyo huyo. Marehemu hakuwa na mfano."

Alipomsindikiza kijana mpaka barabarani alijisikia vizuri, kama mtu aliyefanya onyesho safi. Usiku tu, anakunja nguo za mgonjwa za kupeleka wodini, ndipo alipokumbuka bafu halikuwahi kuwepo. Akakaa kitandani chini ya ile rafu iliyopinda.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, miguu imevimba na macho hayaoni vizuri tena, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulimwambia yule mwandishi habari za kiti?"

"Nilimwambia," Sanamu akasema. Na kweli alimwambia.

Basi mama akaanza kukingojea kitabu. Alikingojea kwa namna ya kutia huruma, yeye ambaye hakuwahi kungojea kitu. Akiletewa dawa atauliza, akiletewa uji atauliza. Binti yao, anayefanya kazi duka la dawa, alimtania, "Mama, wewe unataka kupona au unataka kusomwa?" Mama akajibu, "Kimoja kikiwezekana, nitashukuru." Sanamu alisikiliza hayo yote. Mara mbili alimpigia mwandishi simu. Mara ya kwanza alikata kabla haijaita, kwa aibu. Mara ya pili kijana akamwambia kwa furaha, "Mzee, usiwe na wasiwasi, kitabu kiko mtamboni." Maji yakimwagika hayazoleki.

Kililetwa asubuhi moja, kinanuka wino, Kiroboto amejaa jalada zima. Pembeni yake palionekana kipande cha bega jeusi. Lilikuwa bega la Sanamu. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda akasoma kwa sauti, na baba mtu akasimama mlangoni, pale pale alipokuwa amesimama siku ya wifi.

Alipofika kwenye habari za kiti, binti akapunguza sauti. Akasoma kwamba kichekesho kile maarufu, kwa maelezo ya mwenzake wa karibu, kilizaliwa bafuni. Akamtazama baba yake.

"Soma tena hapo," mama akasema.

Akasoma tena.

"Na mimi simo?"

Binti alipekua, anatamani asikione alichokiona. "Umo, mama. Ukurasa wa mbele yake." Akasoma: "'Mke wa Sanamu, mama mkarimu, hakuchoka kuwapikia chai.'"

Mama alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Afadhali," alisema. "Sikutiwa na sufuria. Nimetiwa na birika."

Hakuna aliyecheka naye. Binti alitoka nje, akajifanya anaanua nguo. Mama akangoja mpaka mumewe akasogea, kisha akazungumza bila kugombeza, na hilo ndilo lililomuumiza Sanamu zaidi.

"Bwana, vyako ulimpa, na ilikuwa hiari yako. Mimi sikukuzuia. Hivi vyangu ulimpa kwa ruhusa ya nani?"

"Mke wangu, ni mazoea. Mdomo ulitangulia."

"Najua. Mimi ndiye niliyeufundisha huo uso." Alinyoosha mkono akakipapasa kitabu juu ya shuka. "Sitaki fedha, sitaki picha. Nataka mtu mmoja huko nje ajue nilikuwa nachekesha. Mmoja tu anatosha. Siku ya kukizindua watakuita useme. Nenda ukaseme kwa mdomo wako."

Uzinduzi ulikuwa mchana, kwenye ukumbi ule ule wa zamani, viti vimepakwa rangi mpya juu ya kutu. Walijaa pomoni, wazee waliomwona Kiroboto na vijana waliomsikia. Sanamu alipoitwa walisimama wakapiga makofi. Alipanda polepole, koti jeusi, tai shingoni. Hakuwa na nguo nyingine ya heshima, na laiti angekuwa nayo. Alishika kipaza sauti akangoja watulie. Alijua kungoja kuliko mtu yeyote katika mji ule.

"Kile kichekesho cha kiti," akasema, "si cha Kiroboto. Ni cha mke wangu."

Ukimya ulikuwa mfupi, wa kipimo kile kile walichozoea. Halafu ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Alidhani hawakusikia. "Sifanyi mzaha," akasema, na uso wake ulikuwa ule ule, haukuwa na mwingine. "Vyote vilikuwa vyake. Alivitunga anamenya viazi."

Wakapigana mabega. Mwandishi mwenyewe, safu ya mbele, alikuwa amevua miwani anafuta macho.

"Jamani, ni kweli! Yuko nyumbani, mgonjwa."

Na hapo mtu mmoja wa nyuma, mwenye sauti nene na furaha tele, hata hana ubaya wowote, akapaza, "Mkeo yuko wapi, mzee?" Akajijibu mwenyewe kabla Sanamu hajafungua mdomo: "Ametoka kidogo! Tumwachie ujumbe!"

Kicheko kama kilichofuata Sanamu hakuwahi kukisikia maishani, hata enzi za Kiroboto. Watu waliinama, watu walishikilia viti. Alisimama katikati yake, anajaribu kuufanya uso wake ulie, uombe, ukasirike, ufanye lolote ambalo uso wa binadamu hufanya. Haukumtii. Akaweka kipaza sauti chini akashuka, na wakampigia makofi mpaka mlangoni.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Binti alikuwa amemwegemeza mama yake kwa mito miwili, amemvika kitambaa safi cha kichwa. Mama alikuwa amejiandaa, kana kwamba ndiye aliyealikwa.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Wakasemaje?"

Angeweza kumdanganya. Njia nzima alikuwa akiupanga uongo, kwamba walinyamaza, kwamba mwandishi alisimama akaomba radhi. Lakini alikuwa amekwisha mwibia vya kutosha. Akavuta kigoda akakaa. "Walicheka."

Mama alikuwa mtu wa kazi, akauliza kama mtu wa kazi. "Walicheka wapi?"

"Pale nilipokutaja."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Kuliko cha kiti?"

Sanamu akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka macho ya mkewe hayaoni vizuri. "Kuliko cha kiti, mke wangu."

Mama alifumba macho. Vidole vyake vikachezea pindo la shuka, kama vinamenya kitu. "Basi," akasema, "hicho nacho kampe Kiroboto."

Halafu akafumbua macho akaugeuza uso wake kwa mumewe, akamsogelea kadiri alivyoweza, kuangalia kama ukope umetikisika. Machozi yalikuwa yakimtiririka Sanamu mpaka kwenye tai, na uso wake haukujua la kufanya nayo.